Kile kilima cha nyasi kule mpakani, jamani si pori tupu

Mama Ndama:

Wakuu habari za jioni, na wakubwa zangu wote wa humu shikamooni.

Juzi kuna kijana kaweka picha za kilima cha nyasi kule juu upande wa Ol Molog, karibu kabisa na mpaka wa Kenya, akaandika kwamba eneo limelala tu, pori tupu, hakuna mtu, panafaa kupiga kambi na wenye hela wakachukue viwanja mapema. Picha ni nzuri kweli na simlaumu, maana ukikiona kile kilima kwa mara ya kwanza ndivyo kinavyoonekana. Ila nilipoiona moyo ulinipasuka pa! kwa sababu kile kilima nakijua, nimekikalia, nimekiomba nikanyimwa. Kwa hiyo naomba mnisikilize kabla hamjapakia mahema kwenye gari. Jina lake sitaliandika, wenyewe waliniomba, na vilima vya namna ile kule viko vingi, vile vya mviringo vilivyoachwa na volkano ya zamani ya Kilimanjaro.

Mi nafuga ng'ombe wa ndani huku Kibosho, Moshi, wanne wa maziwa na ndama zao. Mnaofuga mnaijua 2022 ilivyokuwa. Vuli ya 2021 ilikataa, masika ikaja nusunusu, na kufika mwezi wa nane huku kwetu wale akina mama wanaotuletea majani kutoka tambarare walikuwa wanarudi na mzigo mwembamba mpaka unamwonea mtu huruma kumlipa. Robota nililozoea kununua elfu nne likafika elfu saba na lenyewe limejaa vijiti. Nikawa nachanganya migomba na mabua, ng'ombe wanakula huku wananiangalia. Mmoja akashuka kutoka lita kumi na mbili mpaka tano.

Ndo jirani yangu mmoja akaniambia kule juu mpakani kuna nyasi, nenda na Noah ya shemeji yako ukajionee. Tukatoka alfajiri, Boma Ng'ombe, Sanya Juu, Ngarenairobi, tukapandisha. Huku nyuma ya mlima ni nchi nyingine kabisa wakuu, sisi tuliozoea upande wa kusini wenye migomba na mifereji tunasahau kwamba mvua nyingi inaishia kwetu, kule kaskazini mlima unawakinga, mito hakuna, upepo unavuma siku nzima. Njia nzima ni vumbi. Nimeona mizoga ya mbuzi pembeni ya barabara, ng'ombe mifupa imetokeza, punda kasimama tu hana pa kwenda. Nikamwambia shemeji tugeuze, hapa tumekuja kuchekesha watu, kama wenye nchi hawana nyasi sisi tutazipata wapi.

Tukakata kona moja, nikaona kilima. Kimesimama peke yake, nyasi zimefika magotini kuanzia chini mpaka kileleni, rangi kama ya ngano iliyoiva, zinalala na kuinuka na upepo. Mti mmoja tu mgunga karibu na juu. Hakuna ng'ombe, hakuna mbuzi, hakuna uzio. Na chini yake, kama hatua ishirini hivi, udongo mtupu umekanyagwa na mifugo mpaka umekuwa unga. Yaani kama kuna mtu kachora mstari.

Nikasema Mungu ni mwema. Nikashuka na mundu wangu na magunia.

Sikufika mbali. Kijana mmoja wa shuka nyekundu alitokea, sijui alikuwa kakaa wapi, akanisalimia vizuri tu, akasema mama subiri mzee anakuja. Tukasubiri kama nusu saa. Mzee akaja anatembea polepole na fimbo yake, nikamwambia shikamoo baba, akaitikia marahaba mama, habari ya Moshi (hakuniuliza nimetoka wapi, nadhani aliona magunia). Nikamweleza shida yangu yote. Nikamwambia nitanunua, taja bei yako baba.

Akaniuliza, una ndama nyumbani? Nikamwambia wawili. Akasema, ukimpikia mtoto uji, akaingia mgeni ana njaa, unampa? Nikasema nampa kidogo. Akasema sasa hizi ni uji wa ndama, kidogo nitakupa, kuuza siuzi.

Akanipeleka mpaka kwenye nyasi, akachomeka ncha ya fimbo katikati ya shina moja akalifungua kama unavyofungua nywele za mtoto kutafuta chawa. Juu zote kavu. Ndani kule chini, sehemu kama ya vidole viwili, kijani! Tena na unyevu, saa nne asubuhi, siku ambayo nilikuwa sijaona tone la maji tangu Sanya Juu. Akaniambia weka mkono. Nikaweka, ardhi ya pale ina ubaridi. Nikatoka na kuweka mkono kwenye ule udongo wa nje ya kilima, moto kama sufuria.

Akaniambia kile kilima kilifungwa tangu mvua zilipoanza. Hakuna mnyama wa mtu yeyote aliyepita pale, hata wake yeye mwenyewe, na alikuwa kapoteza ng'ombe zaidi ya ishirini mwaka ule huku anakitazama kila siku akiamka. Hilo ndilo lililonikaa. Mtu anaona ng'ombe wake anaanguka, nyasi ziko pale mita mia tano, na hazigusi kwa sababu siku ya ndama haijafika.

Nilipewa gunia moja. Kijana alilikata mwenyewe akalishindilia kwa goti. Hela walikataa.

Basi nyie mnaosema hakuna mtu, mimi nawaambia pale pana watu kila siku, ila kazi yao pale ni kutokwenda.

Chalii wa Ngarenaro:

Mama shikamoo. Ni mimi niliyeweka zile picha. Kwa kweli sikujua, nilipita na pikipiki nikaona panavutia nikapanda mpaka juu, hakuna aliyenizuia wala bango. Nimeziondoa picha na ile sehemu ya viwanja nimefuta. Ila naomba kuuliza, pikipiki kupita mara moja inaharibu nini? Nauliza kwa nia njema maana tuko wengi tunaopenda kwenda huko weekend, mjini hapa hakuna sehemu mtu anaweza kukaa akasikia upepo tu. Pale juu nilikaa masaa mawili, simu yangu ikahamia mtandao wa Kenya yenyewe, nikazima, nikaona Kilimanjaro upande ambao sijawahi kuuona, Meru kule nyuma, Longido magharibi, na kule chini Amboseli nyeupe kama chumvi. Sijawahi kusikia kimya kama kile.

Layoni wa Longido:

Mama Ndama umeandika vizuri sana, umenikumbusha mbali. Mi nimezaliwa huku Longido, sasa hivi nipo Arusha kikazi, nikiwa layoni, yaani mvulana ambaye hajatahiriwa, nimechunga ndama miaka sita.

Hicho ulichokiona kinaitwa alalili. Kuna alalili ya watu wote, kilima au bonde zima, wazee wanakaa wanakubaliana lini kufunga lini kufungua. Halafu kuna olopololi, hiyo ni ndogo, ya boma, karibu na nyumbani kwa ajili ya ndama na wanyama wagonjwa. Wasukuma wana yao wanaita ngitili, wazo ni lilelile. Kingine, kwetu nchi ina sehemu mbili, kuna osupuko yaani juu kwenye baridi na umande, na kuna olpurkel, chini kwenye joto. Mvua ikinyesha unashuka olpurkel unakula kule kwenye nyasi tamu za muda mfupi, kiangazi kikibana unapanda osupuko. Kilima kama hicho kiko katikati, ndo maana kinalindwa kama jicho, ukikimaliza wakati wa mvua huna daraja la kukuvusha.

Nikiwa na miaka kama tisa niliacha ndama wakaingia kwenye olopololi ya jirani, nilikuwa nawinda ndege kwa manati. Walikula labda dakika kumi. Baba hakunipiga. Aliniamsha saa kumi usiku tukaenda kwa yule jirani, akang'oa nyasi akazishika mkononi ndo akaingia nazo. Kwetu ukimwendea mtu umeshika nyasi unaomba amani, hata kwenye ugomvi mkubwa. Wakaongea, tukatoa mbuzi jike. Mbuzi mwenyewe alikuwa wangu, niliyepewa nikiwa mdogo. Mpaka leo nikiona nyasi zimefungwa miguu yenyewe inakwepa.

Lakini mama naomba niongeze kitu ambacho kinaniuma. Usidhani kila mahali bado iko hivyo. Sehemu nyingi alalili zinakufa. Mtu mmoja analima kipande, mwingine anaweka seng'enge anasema hapa ni pangu, vijana wengine wanaingiza ng'ombe usiku wakiona mzee kalala, na faini za sheria ndogo za kijiji mwenye ng'ombe mia tatu anazilipa huku anacheka. Wazee wakiona wanachezewa wanafungua mapema kuepusha ugomvi, na ikifunguliwa mapema mwezi wa kumi hakuna kitu. Kwa hiyo hicho kilima ulichokiona kimesimama katika mwaka kama 2022, ujue kuna watu pale wana msimamo wa chuma. Wape heshima yao.

Dereva wa Tarakea:

Mi napita hiyo njia mara kwa mara kuzunguka mpaka Kamwanga na Tarakea. Hapo mpakani ng'ombe hawajui Tanzania wala Kenya, ndugu wamegawanyika tu huku shangazi kule mjomba. Si ndo ule mpaka ambao Malkia Victoria alimpa mjukuu wake mlima Kilimanjaro zawadi ya birthday, ndo maana mstari umepinda?

Mwalimu wa Zamu:

Mkuu Dereva hiyo hadithi tumeisikia wote, hata wageni wanasimuliwa kule getini, lakini haiko hivyo na naomba tuiweke sawa kwa sababu watoto wanaibeba mpaka kwenye mtihani.

Makubaliano ya kugawana ukanda huu kati ya Uingereza na Ujerumani yalifanyika 1886. Huyo mjukuu, Wilhelm wa pili, alikuja kuwa Kaisari, yaani mfalme wa Ujerumani, 1888. Sasa zawadi ya Kaisari ingetolewaje miaka miwili kabla hajawa Kaisari? Mstari umepinda kwa sababu Wajerumani walishaweka mguu upande wa mlima, Jühlke, mwenzake Carl Peters aliyekuwa anawatafutia Wajerumani makoloni huku, aliingia mkataba na Mangi, yaani chifu wa Wachaga, Rindi wa Moshi (ndo huyo wanamwita Mandara) mwaka 1885, na Waingereza nao walikuwa na madai yao Taveta na walitaka Mombasa ibaki kwao. Wakachukua rula kutoka pwani kwenye mto Umba, wakafika mlimani wakazunguka upande wa kaskazini ili mlima ubaki kwa Mjerumani na Taveta kwa Mwingereza, wakanyoosha tena mpaka Ziwa Victoria. Mkataba wa 1890 ukaendeleza mstari ng'ambo ya ziwa kwenda magharibi. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeuliza nyasi za nani ziko wapi. Osupuko ya mtu ikabaki huku, olpurkel yake ikaenda kule.

Na hicho kimya anachokisema kijana Chalii, pale hapakuwa kimya siku zote. Vita ya kwanza ya dunia, tarehe 3 Novemba 1914, Waingereza walitoka Namanga wakawavamia Wajerumani mlima Longido, wakapigwa siku nzima mpaka wakarudi walikotoka. Machi 1916 tena, wakati Jenerali Smuts, mkuu wa majeshi ya Waingereza, anaingilia upande wa Taveta, kikosi kingine cha Jenerali Stewart kilianzia Longido kikazunguka mlima kwa upande huo huo wa magharibi, kikapita Ngare Nairobi kushukia Boma Ng'ombe. Yaani njia aliyopita Mama Ndama na Noah, wao walipita kinyume chake na maelfu ya watu na wanyama wa mizigo. Huwa nawaza wale nyumbu wa jeshi na maksai walikula nini njiani, na nyasi walizokula zilikuwa zimefungwa na mzee gani.

Dereva wa Tarakea:

Asante mwalimu, hilo la 1888 sikuwahi kulifikiria. Nitawaambia abiria.

Bwana Malisho:

Wakuu nimekuwa afisa mifugo kata mbalimbali za mkoa wa Arusha kwa muda mrefu, naomba nimjibu Chalii swali lake la pikipiki kwa sababu ni swali zuri na jibu lake wengi hawalijui.

Tairi lenyewe kukanyaga si tatizo kubwa, ingawa mkipita kumi mnatengeneza njia, mvua ikija njia inakuwa mfereji, na udongo wa vile vilima ni majivu ya volkano, mwepesi, ukishaanza kukatika hausimami. Tatizo kubwa ni kinachobebwa na tairi. Arusha mjini na pembeni ya barabara zetu tuna gugu karoti, lile lenye vimaua vyeupe vidogo na majani yanafanana na ya karoti. Lilianza kuonekana kwa wingi huku kwetu mwaka 2010 na kuendelea, na mmea mmoja unatoa mbegu maelfu, ndogo kama vumbi, zinakaa kwenye matope ya tairi, kwenye soli ya kiatu, kwenye zipu ya hema. Likiingia kwenye malisho linasukuma nyasi, ng'ombe hawalipendi, akilila kwa njaa maziwa yanakuwa machungu, na watu wengine ngozi inawawasha mpaka inachubuka. Kilima ambacho hakijaguswa tangu masika kikipata shina moja tu pale juu penye upepo, miaka mitatu huna alalili. Kwa hiyo ukienda huko acha pikipiki barabarani, piga kiatu chini ukung'ute, hema lioshwe nyumbani.

La pili, watu wanaona nyasi zimekauka wanasema zimeharibika, si bora ziliwe. Nyasi ina akiba yake chini, kwenye mizizi na lile shina la kijani alilooneshwa Mama Ndama. Ukiikata au ikiliwa, inatumia akiba hiyo kuchipua. Ikiliwa tena kabla haijarudisha, inatumia tena. Mara ya nne ya tano inakufa, na mahali pake vinaota vijani vya msimu mmoja na miiba. Ikipumzika mvua nzima inatoa mbegu na inajaza mizizi, halafu kiangazi inaweza kuliwa bila kufa. Ni kweli nyasi kavu iliyosimama imepoteza protini nyingi, huwezi kumkamulia ng'ombe wa kisasa lita ishirini kwa nyasi hiyo, nyie wa Kibosho msidanganyike. Ila kwa ndama aliyebakiza wiki mbili za uhai ni tofauti kabisa.

Mama Ndama wewe ningekushauri mwezi wa sita uwe umeshanunua robota zako, usisubiri wa nane. Na mabua yakatekate madogo, nyunyizia molasesi kidogo. Urea usijichanganyie mwenyewe, ikizidi inaua, mwite mtaalamu wa kata yako.

Fundi Bikoni:

Nadandia hapo kwenye viwanja maana nimefanya kazi za upimaji vijiji vya mpakani na nimeona watu wakilia.

Hiyo ardhi ni ya kijiji. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya 1999, kuna ardhi ya matumizi ya wote, kuna ya watu na familia, na kuna ya akiba. Kilima cha malisho kikishawekwa kwenye ya wote, mwenyekiti hawezi kukuuzia, mtendaji hawezi kukuuzia, hata halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila mkutano mkuu wa kijiji kupitisha. Sasa mtu anatoka mjini anapewa karatasi yenye mhuri, anatoa milioni zake, anakuja na seng'enge anakuta wazee mia mbili wamekaa chini ya mti wanamsubiri. Nimeshuhudia moja, jamaa alikuwa mtu mzuri tu, pesa za kiinua mgongo, aliyempa karatasi hapatikani kwenye simu mpaka leo.

Na wenye kijiji nao wanaosoma humu, alalili ambayo iko kwenye vichwa vya wazee tu ni rahisi kuchukuliwa. Fanyeni mpango wa matumizi ya ardhi, mipaka ya malisho iandikwe, mkipata hati miliki ya kimila ya kikundi kwa ajili ya malisho ni bora zaidi. Sheria ya nyanda za malisho ipo, ya mwaka 2010, itumieni. Mzee akifa na ramani iko kichwani kwake mmekwisha.

Layoni wa Longido:

Fundi nakubaliana na wewe nusu. Kuandika ni muhimu, mi mwenyewe nimewasukuma wazee wetu waandike. Ila ukishachora mstari kwenye karatasi kuna kitu kinagoma. Mwaka mvua imenyesha kwa jirani kwako haijanyesha, unamwendea umeshika nyasi, anakuruhusu, mwakani yeye anakuja kwako. Hata wa ng'ambo ya mpaka ilikuwa hivyo. 2017 mmesahau? Ng'ombe zaidi ya 1,300 wa Wakenya walikamatwa Mwanga wakapigwa mnada. Sheria ni sheria sibishi, nchi lazima ilinde mipaka yake na magonjwa ya mifugo. Lakini wale wenye ng'ombe wengine walikuwa ni watu waliowapokea ng'ombe wetu kule kwao 2009 kiangazi kilipotumaliza. Baba yangu aliongea kuhusu hilo mwaka mzima, na si mtu wa maneno mengi. Ramani isije ikamfanya mtu aone aibu kuomba.

Fundi Bikoni:

Hilo sina jibu lake mkuu. Bikoni, lile jiwe la mpaka tunalosimika, inaonesha mwisho wa ardhi tu.

Chalii wa Ngarenaro:

Bwana Malisho asante sana, nimetoka nje sasa hivi kuangalia pikipiki, gugu karoti lenyewe limeota pembeni ya geti tunapoegesha. Tumeling'oa na mdogo wangu usiku huu huu kwa tochi.

Mama, naomba nikuulize jambo la mwisho. Kwa hiyo mtu kama mimi anayetaka tu kukaa pale akasikie upepo asiende kabisa?

Mama Ndama:

Mwanangu, nenda. Nani kakwambia usiende. Fikia kwenye boma la chini, salimia, sema nimekuja kutazama. Watakupa kijana mpande naye. Usipande na moto, usivute sigara juu pale mwezi wa tisa, njiti moja ile rangi ya ngano yote inakwenda usiku mmoja na hakuna maji ya kuzimia. Tembo nao wanapita huko wakitoka Amboseli kuja msitu wa mlima, kwa hiyo jioni ushuke mapema. Na usiende mikono mitupu, sukari, majani ya chai, kitu kidogo tu.

Mi nilirudi. Mwaka uliofuata nilirudi na mkungu wa mshare na chupa mbili za maziwa ya mtindi, na tangu hapo kila mwaka. Yule mzee sasa ananiita mama gunia.

Jumamosi iliyopita nilikuwepo siku wanafungua, ndo maana ile picha ilinikuta bado nina kilima kichwani. Nawasimulia halafu nikalale maana nakamua saa kumi na moja.

Watu walifika kabla jua halijatoka. Baridi ya kule inaingia mpaka kwenye meno. Wazee wamesimama chini ya kilima pale pale kwenye ule mstari, wanaume upande mmoja, akina mama na vibuyu vyao upande mwingine, na ndama wamezuiwa nyuma na watoto, wanalia, sijui walikuwa wamenusa. Niliwahesabu nikafika themanini nikachanganyikiwa. Kulikuwa na ng'ombe wawili wazima walioumwa, mmoja ana kilema cha mguu, na wenyewe wakaruhusiwa. Ng'ombe wengine wote wamebaki nyumbani, zamu yao ni baada ya wiki tatu.

Mzee akang'oa nyasi, akaifungua ikabaki ile sehemu ya kijani, akaichovya kwenye maziwa ya kibuyu cha mama mmoja akanyunyiza mara nne kuelekea kilimani. Akasema maneno ya Kimaasai, watu wanaitikia kwa pamoja kila anapomaliza. Nilimwuliza kijana aliyekuwa karibu yangu amesema nini, akasema ametaja waliokufa waliokuwa wanafunga hiki kilima, kwa majina yao.

Halafu watoto wakatoka njiani.

Ndama hawakukimbia kama nilivyodhani. Waliingia wakasimama. Nyasi zimewafika tumboni, wengine zimewafika mgongoni, unaona masikio tu. Nadhani walikuwa hawajawahi kuona kitu kirefu hivyo, wamezaliwa kwenye vumbi. Mmoja mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji alisimama karibu yangu kabisa, akanusa, akapiga chafya, akanusa tena. Akatoa ulimi akazungushia shina moja akavuta. Krrt.

Kisha ikaanza hiyo sauti kilima kizima, krrt, krrt, themanini na zaidi wanakata pamoja, na hakuna mtu aliyekuwa anaongea. Yule mzee alikuwa kakalia jiwe, fimbo iko magotini, kafumba macho anasikiliza.